Mume yupo Uingereza, mke yupo Malampaka: Karatasi zinazoamua familia kuungana

Maswa. Ng'ombe walihesabiwa mbele ya wazee, mmoja wa wajomba akaandika idadi na rangi zao kwenye daftari la shule, mashahidi wakaweka dole gumba, ngoma ikapigwa hadi usiku. Kwa watu wa Malampaka hiyo ni ndoa, na hakuna anayeweza kusema vinginevyo.

Miaka mitatu baadaye, bibi harusi anakaa na simu mkononi akisoma ujumbe kutoka kwa mume wake aliyepo Uingereza. Anaulizwa swali moja tu: cheti cha ndoa kiko wapi?

Mwanamke wa mfano huu hana jina kwa sababu si mtu mmoja. Ni picha ya mke yeyote wa Malampaka, Lalago au Bariadi ambaye mume wake aliondoka kwa masomo au kazi, akapata ukaazi wa kudumu huko alikokwenda, na sasa anataka kumwita mkewe na mtoto. Mwanamke huyo amemaliza darasa la saba, anazungumza Kisukuma na Kiswahili, analima pamba na mpunga, na mtoto wake ana miaka miwili. Kinachosimama kati yake na mume wake si bahari. Ni bahasha ya karatasi, na nyingi kati ya hizo zinatakiwa zitafutwe hapa hapa Simiyu.

Kosa la kawaida ni kuamini kwamba kazi yote ya maombi hufanywa na aliyepo Ulaya. Yeye ndiye mwenye mshahara, ndiye anayejua Kiingereza, basi aachiwe ajaze fomu. Lakini fomu hiyo hujazwa kwa taarifa za cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, pasipoti na majibu ya vipimo vya afya, na vyote hivyo viko upande wa mke. Wanandoa wengi hugundua hilo wakati muda umeshaanza kuwabana.

Ndoa ipo, cheti hakipo

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kidini na ya bomani. Haisemi kwamba ndoa ya ng'ombe ni ya daraja la pili. Inachosema ni kwamba pale ndoa ya kimila ilipofungwa bila msajili kuwapo, ni wajibu wa wanandoa wenyewe kwenda kuomba isajiliwe ndani ya siku 30.

Siku 30 hizo, kwa ndoa nyingi za vijijini, hupita watu wakiwa bado wanarudisha masufuria ya kuazima.

Kuchelewa hakuifuti ndoa. Ila ofisa wa viza aliyeko mbali hawezi kuliona zizi ambalo ng'ombe waliingizwa, wala hamjui mjomba aliyeandika daftari. Anachotaka kuona ni cheti chenye namba, muhuri na sahihi ya msajili. Kwa wakazi wa Malampaka, mahali pa kuanzia ni ofisi ya mtendaji kwa ajili ya barua ya utambulisho, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya pale Maswa, ambako shughuli za usajili wa ndoa, vizazi na vifo hufanyika kwa niaba ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (Rita).

Lile daftari la mahari lisitupwe. Likiwa na tarehe na majina ya mashahidi, ni ushahidi mzuri wa lini ndoa ilifungwa, na mashahidi walio hai wanaweza kuapa mbele ya wakili kuthibitisha. Na swali la kuuliza mapema dirishani ni kama mume anatakiwa awepo mwenyewe siku ya kusajili. Ni afadhali kulijua hilo kabla hajamaliza likizo yake ya wiki tatu, kuliko kulijua akiwa tayari amepanda ndege kurudi.

Wapo wanaoamua njia nyingine: mume akija likizo wanafunga ndoa upya, bomani au kanisani. Njia hiyo inawezekana, lakini ina mitego miwili. Wa kwanza ni muda. Sheria inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, hivyo mume mwenye likizo ya wiki mbili hawezi kuitoa siku anayoshuka Mwanza. Mtego wa pili ni mbaya zaidi, nao ni kuwa na tarehe mbili za ndoa. Kwenye fomu moja ya zamani mume aliandika ameoa mwaka 2022, cheti kinasema 2025, mtoto amezaliwa 2023. Kwa mtu wa Malampaka hesabu hiyo inaeleweka bila maelezo. Kwa ofisa anayesoma faili kwa mara ya kwanza, inaonekana kama mmoja wenu anadanganya. Dawa yake ni barua fupi ya maelezo, iliyoandikwa kwa ukweli, ikieleza kwamba ndoa ya kimila ilitangulia na ya bomani ikafuata.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hulikwepa mezani. Sheria yetu inaruhusu ndoa ya mke zaidi ya mmoja. Uingereza hairuhusu mume kumwingiza mke wa pili wakati kuna mke mwingine ambaye tayari aliingia huko kama mke wake. Mwanamke anayeambiwa avumilie, karatasi zake zinakuja, ana haki ya kuuliza mapema kama kuna jina jingine lililotangulia kwenye mafaili hayo.

Jina moja, tahajia tatu

Karatasi ya pili kuleta maumivu ya kichwa ni cheti cha kuzaliwa, na hapa Usukumani tatizo lina sura yake.

Jina kama Ng'wandu linaweza kuandikwa Ng'wandu kwenye kadi ya kliniki, Ngwandu kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwandu kwenye kitambulisho cha Taifa. Ni mtu yule yule, lakini kompyuta haisikii matamshi. Ongeza jina la ubatizo lililotumika shuleni tu, na jina la babu lililowekwa mahali pa jina la ukoo, na mtu mmoja anageuka kuwa watatu.

Halafu kuna mkoa. Simiyu ilitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012. Kabla ya hapo Maswa na Bariadi zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mwanamke aliyezaliwa Malampaka miaka ya 1990 na kupata cheti enzi hizo, cheti chake kinasema Shinyanga. Kitambulisho au pasipoti iliyotolewa juzi inaweza kusema Simiyu. Hakuna aliyekosea, na mstari mmoja kwenye barua ya maelezo unamaliza utata huo: wilaya ni ile ile Maswa, mkoa ndio uliogawanywa. Bila mstari huo, mtu aliyeko ofisini nje ya nchi anaona sehemu mbili tofauti za kuzaliwa.

Kwa tofauti ndogo ya tahajia, mara nyingi hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili hutosha kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Kama jina lenyewe ni tofauti kabisa, inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo huchukua muda na fedha zaidi. Njia bora ni kusahihisha kuanzia chini: cheti cha kuzaliwa kwanza, kisha kitambulisho cha Nida, kisha pasipoti. Anayeanza na pasipoti kwa haraka hulazimika kuilipia tena.

Na pasipoti si kitu cha kulipia mara mbili. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, imekuwa ikigharimu Sh150,000. Maombi hujazwa kwa mtandao, lakini mwombaji hufika mwenyewe Uhamiaji kwa alama za vidole, na huulizwa cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Hapo ndipo wengi hukwama: wao wana cheti, mama yao aliyezaliwa nyumbani miaka ya 1960 hana chochote. Hati ya kiapo kuhusu kuzaliwa kwa mzazi ni jambo la kuandaa mapema, hasa kama mzazi mwenyewe bado yupo na anaweza kuapa.

Mtoto naye anahitaji zake. Walio chini ya miaka mitano wana mpango wao wa usajili, ambapo cheti hutolewa bure kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo hakuna sababu ya kusubiri. Muhimu ni jina la baba liwemo, na liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti yake.

Hapa pia kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui na huwagharimu. Kama baba alikuwa ameshakuwa raia wa Uingereza kwa kuandikishwa kabla mtoto hajazaliwa, kwa kawaida mtoto huyo ni raia wa Uingereza tangu kuzaliwa, hata kama amezaliwa zahanati ya kijijini. Huyo haombewi viza, anaombewa pasipoti. Kama baba alikuwa na ukaazi wa kudumu tu, mtoto anaombewa viza kama mama yake. Kwa upande wa Tanzania, ambayo hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, mtoto wa aina hiyo anaweza kubaki na vyote viwili hadi anapofikisha miaka 18, ndipo achague.

Si kila mume anaweza kuita familia

Kabla ya kutumia hata shilingi ya nauli kwenda Maswa, mke anapaswa kujua mume wake yuko huko kwa karatasi gani. Ni swali ambalo wake wengi huona aibu kuuliza, kana kwamba ni kumchunguza mume. Siyo. Ndilo linaloamua kila kitu.

Watanzania wengi wa sekta ya afya wamekwenda Uingereza kwa viza ya wafanyakazi wa afya na matunzo. Wauguzi waliosajiliwa huruhusiwa kuambatana na mwenza na watoto, na familia zao hazilipi ada ya afya. Lakini tangu Machi 11, 2024, wahudumu wa kutunza wazee na wagonjwa walioomba viza kuanzia tarehe hiyo hawaruhusiwi kuleta wenza wala watoto. Wapo wanaume na wanawake walioondoka baada ya hapo wakiahidi kuita familia ndani ya mwaka mmoja, na ahadi hiyo haikuwa na mlango tangu siku ya kwanza. Wengine hawakujua. Wengine waliambiwa na mawakala kwamba mambo yatajipa.

Njia ya mke wa mfano huu ni nyingine: viza ya mwenza wa raia au mkaazi wa kudumu. Kwa njia hiyo mume lazima aonyeshe kipato. Kuanzia mwaka 2012 kiwango kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 11, 2024 kilipandishwa hadi pauni 29,000, ambazo ni zaidi ya Sh80 milioni. Asiyefikia mshahara huo anaweza kutumia akiba, lakini akiba peke yake inatakiwa iwe pauni 88,500, kiasi ambacho watu wachache sana wanacho benki.

Kipato huthibitishwa kwa slipu za mshahara za miezi sita na taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na namba za pande zote mbili zinatakiwa zilingane. Mume anayefanya kazi mbili, moja ikilipwa taslimu bila kuingia benki, kwa macho ya ofisa ana kazi moja. Aliyebadilisha mwajiri miezi miwili iliyopita huenda akalazimika kusubiri. Kwa hiyo mke anapoambiwa mambo bado, wakati mwingine ni kweli bado. Lakini anaweza kuuliza bado nini.

Juu ya kipato kuna ada. Ada ya maombi kutoka nje ya Uingereza ilipanda hadi pauni 1,938 Aprili 2025. Ada ya huduma za afya, ambayo ilipandishwa Februari 2024, ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, na hulipwa kwa mkupuo kwa muda wote wa viza ya kwanza. Kwa viza ya miezi 33 mtu mzima hulipa pauni 3,105. Jumla kwa mke peke yake ni zaidi ya Sh15 milioni kabla ya tiketi ya ndege. Ada hizi hubadilika mara kwa mara, hivyo kiwango cha kufuata ni kile kilichopo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza siku ya kulipa, si kile alicholipa shemeji mwaka juzi.

Kipimo cha kifua kikuu

Kwa upande wa afya, uvumi ni mwingi kuliko ukweli, na uvumi huo unawaumiza watu.

Kipimo kinachotakiwa kwa Mtanzania anayekwenda kuishi Uingereza zaidi ya miezi sita ni cha kifua kikuu. Tanzania ipo miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kipimo hufanyika katika kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Picha ya eksirei iliyopigwa hospitali ya wilaya Maswa, hata iwe nzuri kiasi gani, haikubaliki kwa kazi hii.

Mwombaji hupigwa eksirei ya kifua. Ikiwa safi, hupewa cheti. Ikionyesha kitu kisichoeleweka, hutakiwa kutoa makohozi, na makohozi hayo huoteshwa maabara kwa muda unaoweza kufika wiki nane. Kuambiwa utoe makohozi si kuambiwa unaumwa. Kovu la homa ya mapafu ya utotoni linaweza kuonekana kwenye picha. Tatizo ni kwamba mwanamke aliyekuja Dar es Salaam kwa treni na nauli ya siku tatu, akiwa na mtoto mgongoni, anaweza kulazimika kupanga upya safari nzima, kwa hiyo akiba ya kukaa au kurudi mara ya pili iwepo kwenye bajeti.

Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito kabla ya kuingia chumba cha eksirei. Ana uchaguzi: kupigwa picha akiwa amekingwa tumbo, au kutoa makohozi badala yake. Watoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi eksirei, daktari huwaangalia na kuuliza historia yao, na kadi ya kliniki hapo ina kazi.

Akikutwa na kifua kikuu kweli, maombi yanasimama, hayafi. Matibabu yapo na ni bure katika vituo vya serikali nchini, kwa kawaida miezi sita, na baada ya kupona anapimwa tena. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayetoka jasho usiku au kupungua uzito asisubiri siku ya viza. Apime makohozi zahanati iliyo karibu leo. Atapona mapema, hatawaambukiza watoto, na atakuwa ameokoa nusu mwaka wa kusubiri.

Kuhusu virusi vya Ukimwi, ambavyo ndivyo watu wengi huogopa na kunong'ona, kipimo chake si sharti la viza hii. Anayetumia dawa za kufubaza virusi asizitupe wala kuziacha kwa kuhofia kugundulika uwanja wa ndege. Asafiri nazo za kutosha pamoja na barua ya kliniki yake. Marekani, ambayo zamani iliwazuia watu wenye VVU kuingia, iliondoa zuio hilo Januari 2010.

Suala la tarehe ndilo huwaponza wengi. Cheti cha kifua kikuu hudumu miezi sita. Anayekimbilia kupima kwanza kwa sababu ndilo jambo analoweza kulifanya haraka, huku cheti cha ndoa bado kinashughulikiwa Maswa na jina halijasahihishwa, hukuta cheti cha afya kimeisha muda kabla fomu haijatumwa, na hulipa na kupima upya. Kipimo kije mwishoni, karatasi nyingine zikiwa zimekamilika. Mwenye mipango anaweza hata kulenga safari moja ya Dar es Salaam ifanye kazi mbili: kupima, kisha baada ya cheti kutoka na fomu kutumwa, kuweka alama za vidole katika kituo cha maombi ya viza.

Kuthibitisha mapenzi kwa mtu asiyewajua

Hakuna sehemu inayowakera wanandoa kama hii. Baada ya cheti, ofisa bado anataka kuona kwamba ndoa ni ya kweli, kwamba watu hawa wanazungumza, wanasaidiana, wanatembeleana na wana nia ya kuishi pamoja.

Ushahidi huo mke anao tayari, ila umetawanyika. Miamala ya fedha anazotumiwa kila mwezi ipo kwenye simu, na kampuni ya simu inaweza kumtolea taarifa yenye tarehe. Mihuri ya pasipoti ya mume inaonyesha alikuja lini. Kadi ya kliniki ya ujauzito ina jina la mwenza. Picha za ukwe, picha za msiba wa baba mkwe ambapo mume alikuja, risiti ya bati alizonunua kuezeka nyumba. Hata ujumbe wa kugombana kuhusu ada ya shule unasema zaidi kuhusu ndoa kuliko picha 40 za kukumbatiana studio.

Simu hupotea, huibiwa, huzama kwenye ndoo ya maji. Anayetegemea simu moja kutunza miaka minne ya ndoa anajiweka hatarini. Picha na ujumbe muhimu vihifadhiwe pia kwa mume, na vichache vichapishwe. Hakuna haja ya kurasa 500. Ujumbe wa mwezi huu na ule, kwa miaka yote, unatosha kuonyesha mwendelezo. Ulioandikwa kwa Kisukuma au Kiswahili utafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayeandika jina lake, tarehe, sahihi na mawasiliano. Kitu cha kuudhi ni kwamba mazungumzo ya ndani ya mtu na mkewe yatapita mikononi mwa mtafsiri. Basi wachague wenyewe yapi yaende, na ya chumbani yabaki chumbani.

Kisha kuna Kiingereza. Mke anatakiwa kufaulu mtihani wa kuzungumza na kusikiliza wa ngazi ya A1, ambayo ni ya chini kabisa: kujitambulisha, kutaja familia, kuuliza bei, kusema saa. Ufanyike katika kituo kilichoidhinishwa, na matokeo hudumu miaka miwili, kwa hiyo huu, tofauti na kipimo cha kifua, unaweza kufanywa mapema. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kusamehewa. Aliyeishia darasa la saba hashindwi, ila hafundishwi kwa wiki mbili. Mume anaweza kuwa mwalimu wa kwanza: simu za jioni, dakika 20 kwa Kiingereza kabla ya kurudi kwenye Kisukuma. Atahitaji lugha hiyo baadaye pia, kwa sababu ngazi hupanda anapoongeza muda wa viza na anapoomba ukaazi wa kudumu.

Wanaouza njia ya mkato

Penye karatasi nyingi hapakosi vishoka. Wapo watakaosema wanaweza kutoa cheti cha ndoa cha tarehe ya nyuma bila kwenda Maswa, au taarifa ya benki ya mume ikiwa na namba zilizonona. Vyeti vya Rita huhakikiwa, na benki huulizwa. Hati ya kughushi ikigundulika, maombi hukataliwa, ada ya maombi hairudi, na doa hilo humfuata mwombaji kila anapoomba tena. Kwa aina nyingine za viza za Uingereza, anayekutwa na udanganyifu anaweza kufungiwa hadi miaka 10.

Anayekataliwa kwa sababu nyingine, kwa mfano ushahidi pungufu, kwa kawaida ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 28 tangu apate uamuzi. Barua ya kukataliwa husomwa neno kwa neno, kwa sababu hutaja kilichokosekana. Wakati mwingine kuomba upya kwa karatasi iliyokosekana ni haraka kuliko rufaa. Wakati mwingine siyo, na hapo ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji unastahili gharama yake.

Wakati wa kusubiri

Kati ya kutuma fomu na kupata jibu hupita miezi, na miezi hiyo hukaa mwilini. Mke halali vizuri, anahisi moyo kwenda mbio simu ikilia, anapigiwa maswali na mawifi kila Jumapili: lini sasa? Wengine huanza kuuza vitu vya ndani, huacha kulima msimu huo, humtoa mtoto shule kwa sababu tunaondoka. Msimu unapita, jibu halijaja, na nyumba haina chakula wala mume.

Shamba lilimwe. Mtoto aendelee na shule, na anayekaribia miaka mitano aandikishwe kama wenzake. Sindano za uzazi wa mpango, dawa za shinikizo, chanjo za mtoto, vyote viendelee kwa ratiba ya kawaida. Mwanamke anayeona usingizi umempotea kwa wiki kadhaa, hamu ya kula imekwisha na machozi hayana sababu, amwone mhudumu wa afya, kwa maana hayo hutibika kama malaria inavyotibika.

Na mtoto aambiwe ukweli unaolingana na umri wake. Kumwambia kila jioni kwamba kesho tunakwenda kwa baba, kwa miezi minane, humfanya aache kuamini neno kesho. Simu ya video ya saa mbili usiku, siku zile zile za wiki, humpa kitu cha kushika.

Bahasha yenyewe iwekwe mahali pamoja, ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati ambako mchwa na mvua havifiki: cheti cha ndoa, vyeti viwili vya kuzaliwa, pasipoti mbili, matokeo ya Kiingereza, kadi ya kliniki, daftari la mahari. Nakala za kila kimoja zipigwe picha na kutumwa kwa mume siku hiyo hiyo. Cheti cha kifua kikuu kitaingia humo mwisho.